Mliokulia ukutani mwa kambi ya wanahewa Eastleigh, tupeane uzoefu

Wadau, salamu. Eastleigh ya Nairobi ikitajwa siku hizi watu wanawaza maduka na nyama ya ngamia, basi. Sisi wa Juja Road tuna jirani mwingine, Moi Air Base. Kabla ya uwanja wa ndege wa Embakasi kufunguliwa 1958, abiria wa ndege za Ulaya walipandia hapo hapo, uwanja mmoja na wanajeshi wa Uingereza. Aliyeishi karibu atupe yake. Za kinyozi pia tunapokea, mradi useme ni za kinyozi.

Mjukuu wa Pumwani: Babu alikuwa mpishi wa mesi ya Waingereza wakati wa Hali ya Hatari, vita vya Mau Mau. Ndege za Lincoln, zile za injini nne, zilikuwa zikitoka hapo kwenda kumwaga mabomu Nyandarua na Mlima Kenya. Shemeji yake alikuwa msituni. Asubuhi anawakaangia marubani mayai, mchana anasikia ndege zikirudi. Haya alituambia nyanya. Mzee mwenyewe ukimuuliza anaomba chai.

Section Three Damu: Mimi ni Agosti 1, 1982, Jumapili. Redioni mtangazaji Mambo Mbotela, ambaye wanahewa walimtoa kwake kwa nguvu, anasoma kwamba serikali imepinduliwa. Adhuhuri upepo ukageuka, jeshi la nchi kavu likawazidi, na wanahewa wakaanza kusaka nguo za kiraia. Kijana mmoja alibisha kwetu, jasho linamtiririka, akamwambia mama, "Mama, nisaidie suruali." Akapewa ya kaka yangu, ikamfika katikati ya muundi. Akaenda zake na ndara. Shida ikawa buti. Zilibaki chini ya kitanda, nyeusi, zimepigwa rangi hadi unajiona, na wanajeshi wameanza kupekua nyumba kwa nyumba. Kaka alizitamani, nawaambia ukweli! Mama alizifunga kwenye gunia na mawe mawili, akazitumbukiza chooni. Wiki nzima akisikia hodi anatazama upande wa choo.

Fundi Mstaafu: Niongezee hapo. Ochuka, kiongozi wao, hakuhitaji suruali ya mtu. Alirudi kambini akawalazimisha marubani wamrushe na ndege ya Buffalo hadi Tanzania. Akarudishwa, akanyongwa 1987. Jeshi la Wanahewa lenyewe lilivunjwa, likaitwa 82 Air Force chini ya jeshi la nchi kavu, na jina lake halikurudi mpaka 1994. Wengi hapa wanadhani kambi imeitwa Moi tangu uhuru. Wapi! Ilikuwa Eastleigh tu, hilo la Moi lilikuja baada ya vurugu hizo.

Mama Watatu: Yangu haina bunduki. Shuleni kwetu Buffalo ikipaa mwalimu alikuwa anasimama na chaki hewani, kinywa wazi, anangoja ipite. Imla tulikuwa tunapata maneno mawili zaidi ya kunakili kwa jirani. Mkaguzi wa elimu alipokuja tuliomba ndege kuliko tulivyoomba Mungu.

Mwenye Ploti: Nyinyi mna historia, mimi nina hasara. Nilichimba msingi wa ghorofa nane, nguzo na vyuma vya kutosha, ndipo nikaambiwa njia ya ndege hairuhusu kimo hicho. Aliyeniuzia hakugusia hilo hata kidogo. Nimeishia ghorofa tatu juu ya msingi wa nane. Anayenunua upande huu aulize kimo kabla ya kuuliza bei.