Baba anataka achomwe akifa, wazee wa Seme hawataki hata kusikia

NyarSeme
Habari zenu wanajukwaa. Mzee wangu ana miaka 76. Tunaishi Nakuru tangu alipokuwa akifanya kazi reli, ila nyumbani ni Seme, Kisumu. Majuzi tulimzika binamu yake: matanga yasiyoisha, ng'ombe wakachinjwa, na mwenye mahema bado anadai. Tuliporudi, mzee akatangaza mezani kwamba yeye akifa achomwe. Ameandika na kutia sahihi. Baba mdogo alipopata habari alipiga simu usiku huo huo: "Mjaluo hachomwi kama takataka!" Mimi ndiye kifungua mimba, tena mwanamke. Siku ikifika nisimame wapi? Kanisa letu ni ACK, yaani Anglikana.

OtienoKondele
Pole dada. Usiitegemee sana hiyo karatasi. Kumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno. Mjane wake, Wambui, alitaka amzike karibu na Nairobi na akasema ndivyo marehemu alivyotaka. Ukoo wake wa Umira Kager ukadai mwili. Ulikaa mochari miezi mitano hadi Mei 1987, ukazikwa Nyalgunga, Siaya. Siku hizi majaji huyapa uzito zaidi matakwa ya marehemu, lakini mwili haurithishwi kama shamba.

MamaBaraka_Section58
Kwa upande wa ACK msitishwe. Askofu Mkuu Manasses Kuria mwenyewe alichomwa 2005, na mkewe alitangulia hivyo hivyo 2002. Maneno yalikuwa mengi, yakaisha. Wangari Maathai naye 2011, kwenye tanuri la Kariokor, Nairobi. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, kwa hiyo jeneza lake lilifumwa kwa mafunjo na gugumaji. Hilo gugumaji linalowasumbua wavuvi wenu huko ziwani!

Abu_Twahir
Sisi Waislamu hatuna mjadala: maiti huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa haraka. Ila kuhusu gharama mzee wako amesema kweli. Mazishi yetu hayafilisi mtu.

Mkatoliki_Kakamega
Kwetu Roma iliruhusu 1963. Mwaka 2016 ikakumbusha kwamba majivu yawekwe mahali patakatifu, yasimwagwe ziwani. Kuyatawanya ovyo kungemkwaza padre wetu.

Njoro_Kijana
Anayesema kuchoma ni mambo ya Wahindi na Wazungu aje huku Njoro. Mwaka 1938 mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pango kando ya mto wetu akakuta mabaki ya makumi ya watu waliochomwa takriban miaka 3,000 iliyopita, wakiwa na shanga na bakuli za mawe. Wafugaji hao, si wageni wa meli. Na hao Wazungu wenyewe walichelewa: Uingereza ilitunga sheria ya kuchoma maiti 1902.

JaduongNyakach
Binti yangu, nisikilize. Wazee hawaogopi moto, wanaogopa boma kukosa kaburi. Mtu akipotea ziwani mwili usionekane, Wajaluo huzika tunda la yago mahali pake, na watu hulia vilevile. Kama yago linazikwa, majivu yatashindwaje? Mchomeni, mlete majivu Seme, kaburi lichimbwe, watu wale chakula. Ila usiyaseme wewe. Mzee mwenyewe awaite nduguze angali hai, aseme kwa mdomo wake. Karatasi haina sauti mbele ya ukoo.

NyarSeme
Asante sana jaduong'. Hilo la yago sikuliwaza. Mama anasema atazikwa Seme na anataka mumewe awe ubavuni, kwa hiyo huenda likamfaa hata yeye. Majivu yenyewe ni mengi kiasi gani?

Muuguzi_Kisumu
Mtu mzima hutoa kilo mbili au tatu hivi. Si laini kama ya jikoni: moto huacha vipande vya mifupa, ndipo husagwa, inakuwa kama mchanga wa kijivu. Halafu muulize mzee kama amewekewa kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo. Kitolewe kwanza, betri yake hulipuka ndani ya tanuri.

NyarSeme
Hana. Ana presha tu, na kiburi. Baba wadogo wanakuja Nakuru Krismasi, nimemwambia mzee aseme siku hiyo kabla ya chakula.

OtienoKondele
Baada ya chakula, dada. Baada.