Naombeni msaada: namba ya chesisi ya GMC, lori la jeshi la Marekani la Vita vya Pili vya Dunia

FundiWaCaen: Habari wakuu. Nafanya kazi gereji moja Normandy, Ufaransa. Tumeletewa GMC ya magurudumu kumi, kibao cha namba kwenye dashibodi hakipo. Kwenye fremu ya kushoto, mbele, nimesoma CCKW-35, tarakimu inayofuata imeliwa na kutu, kisha namba ndefu inayoishia na -2. Nataka sana kuijua historia yake. Nitumie grainda?

MzeeSpana: Grainda weka mbali kabisa, mdogo wangu! Ukikwangua chuma, namba imekwenda. Paka mafuta ya taa, iache ilale, sugua kwa brashi laini, kisha pitisha chaki na umulike tochi kwa ubavu. Tarakimu itajitokeza.

C ya kwanza ni muundo wa 1941, ya pili kebini ya kawaida, K ni magurudumu ya mbele nayo yanavuta, W ni ekseli mbili za nyuma. Hiyo -2 ni kiwanda cha St. Louis, -1 ingekuwa Pontiac.

BintiMakanika: Pima pia. Toka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya zile mbili za nyuma: inchi 164 ni modeli 353, inchi 145 ni 352, hapo utaijua tarakimu iliyoliwa.

FundiWaCaen: Shikamoo mzee, ahsante dada. Futi ya kupimia inasema inchi 164. Namba ya injini je?

MzeeSpana: Marahaba. Usiitegemee, jeshi lilibadilisha injini ovyo. Boneti ndiyo ya kushughulikia, namba ya jeshi ilipakwa hapo: msasa wa maji, taratibu, tabaka moja moja la rangi. Kwa lori hili namba hiyo ya jeshi la Marekani huanza na 4.