Mrejesho: spesa za gurudumu la nyuma la pikipiki ya Yamaha R6

Ndugu zangu, niliuliza hapa ninunue spesa gani za gurudumu la nyuma (vile vipande vya bomba vinavyokaa kwenye ekseli pembeni mwa beringi), kwa kuwa za zamani zilikuwa zimeliwa na sili, ule mpira wa kuzuia vumbi, na vumbi lilikuwa linaingia kwenye beringi. Asanteni sana kwa majibu.

Nilizunguka soko la vipuri la Kisekka hapa Kampala na vernia, kipimo cha urefu na kipenyo, mkononi. Spesa nyingi zilipendeza kwa rangi tu. Moja niliisimamisha juu ya kioo cha kaunta ikayumba, maana ncha zake hazikuwa sambamba. Hiyo usiichukue hata ukipewa bure! Ukikaza nati ya ekseli, spesa ndiyo inayobana ringi ya ndani ya beringi, na ikiwa imepinda beringi inabanwa upande mmoja na kufa mapema. Urefu nao ni muhimu: ukipungua au kuzidi, gurudumu linahama, sproketi haikai sawa na cheni.

Mwishowe nilichukua za alumini ya aina ya 7075, ngumu kuliko aina ya 6061, zilizochongwa kwa mashine na kuwekwa anodaizi, yaani tabaka gumu la kulinda uso wake. Sehemu inayokaa sili ni laini kabisa, kidole hakisikii mstari wowote. Fundi alibadilisha sili pia, akapaka grisi kwenye ekseli, akakaza nati kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Gurudumu linazunguka huru, halichezi. Nimeipeleka pikipiki Jinja na kurudi, niliporudi nikafungua kukagua: sili ni kavu, ndani hamna vumbi. Spesa za mbele bado ni za kiwandani na ni nzima, sizigusi.