Vyuo vya Marekani vinapokea krediti zetu za jeshi, kisha vinatusomesha yale yale upya

Ndugu zangu mliopo Marekani, hasa mliovaa au mnaotarajia kuvaa sare za jeshi la nchi hii, ninaandika nikiwa na hasira, na ninaamini hasira hiyo ina msingi.

Tulipokuwa tukishawishiwa kujiunga, tuliambiwa kwamba mafunzo ya kijeshi yanahesabika chuoni. Ni kweli kwamba Baraza la Elimu la Marekani, yaani ACE, hukagua kozi za jeshi na kupendekeza kila moja ipewe krediti ngapi, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea shahada, na mapendekezo hayo huandikwa katika JST, hati ambayo askari huiomba bure ikatumwa moja kwa moja chuoni. Tusichoambiwa ni kwamba ACE inapendekeza tu. Mwenye uamuzi ni chuo.

Mimi nilikuwa mhudumu wa tiba katika jeshi la nchi kavu. Nilifunzwa kazi hiyo Fort Sam Houston, Texas, nikafaulu mtihani wa kitaifa wa wahudumu wa dharura, ule ule wanaoufanya raia wanaofanya kazi katika magari ya wagonjwa. Nilipoomba kusomea shahada ya uuguzi katika chuo kimoja cha umma, nilijibiwa kwamba krediti zangu zimepokelewa. Nilifurahi mpaka nilipofika ukurasa wa pili, ambako karibu zote zilikuwa zimepangwa chini ya masomo ya hiari, nyingine zikiitwa elimu ya mazoezi ya viungo, ilhali shahada yenyewe karibu haina nafasi ya masomo ya hiari. Krediti zipo kwenye karatasi, lakini hazikuniondolea hata somo moja.

Ndiyo maana muhula huu ninakaa darasani nikifundishwa mahali pa kuweka kifaa cha kusikilizia ninapopima presha, na namna ya kuhesabu pumzi za mgonjwa bila yeye kutambua. Mwalimu anafundisha vizuri na sina ugomvi naye. Ninachopinga ni kwamba darasa hilo linakula muda wangu wa GI Bill, mpango wa serikali unaowalipia masomo waliotumikia jeshi, ambao kwa kawaida ni miezi 36 na ukiisha umeisha. Kanuni za serikali kuu zinakitaka chuo kitunze kumbukumbu ya mafunzo ya awali ya askari, kimpe krediti anazostahili na kumpunguzia muda wa masomo kwa kadiri hiyo. Lakini anachostahili kinaamuliwa na chuo hicho hicho kinacholipwa ada ya somo analolirudia! Wenzetu wa Jeshi la Anga angalau wana chuo chao tangu 1972, kinachoyahesabu mafunzo yao ya kijeshi kama krediti.

Nimekata rufaa, nami ninapigwa danadana: msajili ananituma idara ya uuguzi, na idara inanirudisha kwa msajili. Sijaomba kupewa shahada ya bure. Ninataka mtu anayeijua taaluma asome mtaala niliofundishwa, au nipewe mtihani, nikishindwa nirudie somo bila kulalamika. Vilevile ninataka kila chuo kimweleze askari, kabla hajajisajili, krediti zake zitamwondolea masomo gani kwa majina.

Kwa mliowahi kushinda rufaa ya namna hii, hasa katika uuguzi, naomba mnieleze mliwasilisha nyaraka zipi zaidi ya JST, na ni ofisi gani iliyobadilisha uamuzi.