Kipimo cha damu cha kubashiri presha ya mimba: nikitafute?

MamaNeema
Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya pili, wiki 13. Ile ya kwanza presha ilifika 160/110 nikiwa wiki ya 31, mikono ikavimba hadi pete ikakatwa. Nilifanyiwa upasuaji, mtoto nikambeba kifuani kikangaruu hadi akapata uzito. Namshukuru Mungu, sasa anakimbia. Wifi yangu aliyeko Uingereza kapimwa damu akiwa na wiki 28, kaambiwa uwiano wake ni 22, karuhusiwa kurudi nyumbani. Nina akiba kidogo. Nitafute hospitali yenye kipimo hicho?

MkungaWaZamu
Hongera mdogo wangu, na pole kwa yaliyokupata. Hapo wanapima protini mbili zinazotoka kwenye kondo la nyuma: PlGF na sFlt-1. Kondo lisipojishika vizuri, PlGF hushuka na sFlt-1 hupanda, mara nyingi kabla presha haijaonekana. Uwiano ni sFlt-1 ikigawanywa kwa PlGF. Utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba uwiano ukiwa 38 au chini, karibu wanawake wote hawakupata priklampsia (ile presha ya mimba ya hatari, ambayo mara nyingi huja na protini kwenye mkojo) ndani ya wiki moja. Wiki moja, si mimba nzima! Waliozidi 38, waliopata ndani ya wiki nne walikuwa kama theluthi tu. Tena hupimwa mama mwenye dalili, mimba ikishapita wiki 20. Wewe yaliyokupata mara ya kwanza yanatosha kukuweka kwenye kundi la hatari.

Hiyo akiba itunze. Nenda kliniki wiki hii, usingoje tumbo lionekane. Mweleze daktari yote, umuulize kuhusu aspirini ya dozi ndogo, maana inafaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki 16. Utafiti wa ASPRE wa 2017 ulitumia miligramu 150 kila usiku kwa wenye hatari kubwa. Priklampsia ya kabla ya wiki 37 ikashuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Ila usijianzishie mwenyewe, tafadhali.

BabaWawili
Mashine ya presha ya nyumbani inasaidia?

MkungaWaZamu
Sana, kaka, akipima vizuri. Apumzike dakika tano, aegemee kiti, miguu isipishane, asiongee. Mkono uwe mezani usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Ikijirudia 140/90, aende kituoni siku hiyohiyo. Ikifika 160/110, au kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiona ukungu, au maumivu chini ya mbavu za kulia, mpeleke hata kama ni saa nane usiku. Msingoje kukuche.

MamaNeema
Asante sana dada. Kliniki yetu vijiti vya kupima mkojo huisha mara kwa mara. Ninunue vyangu?

MkungaWaZamu
Nunua, famasi vipo. Kinga mkojo wa katikati, si ule wa mwanzo, na usome rangi kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Protini ikionyesha alama moja ya kujumlisha au zaidi, nenda wakakupime presha siku hiyohiyo.