Feni za taa kwa kompyuta ya mezani: seti yenye rimoti, zinazoshikana, au feni za kawaida na utepe wa LED?

Kioo Safi

Wadau, salamu. Nimemaliza kuunga kompyuta yangu wiki iliyopita, kilichobaki ni feni. Keisi ina kioo ubavuni na kioo mbele, ina nafasi ya feni tatu mbele na moja nyuma. Kwa sasa zimo mbili nyeusi zilizokuja nayo, moja mbele, moja nyuma. Natamani taa. Hii ndiyo mashine ya kwanza niliyoijenga kwa mikono yangu, na nataka nikizima taa ya chumba iendelee kupendeza macho.

Nimebaki na njia tatu. Kuna seti ya feni tatu za milimita 120 yenye kidhibiti na rimoti, hii ndiyo nafuu zaidi. Kuna feni zinazoshikana zenyewe kama Lian Li UNI FAN SL120, zinapendeza mno ila bei yake iko juu. Au nichukue feni nzuri zisizo na taa, halafu nibandike utepe wa LED pembeni. Mazabodi yangu (bodi kuu ya kompyuta) ina sehemu moja ya taa yenye pini tatu, mbili zenye pini nne, na sehemu tatu za feni. Kadi ya grafiki inafika nyuzi 81 nikicheza gemu, na ninarekodi sauti chumba hichohicho. Mngechukua ipi?

Fundi Waya

Mkuu, hongera kwa kazi ya mikono. Kabla hujanunua chochote, elewa hizo pini, maana hapo ndipo watu wanapopoteza vitu.

Zile nne ni volti 12. Taa zote za feni zinapata rangi moja kwa wakati mmoja. Zile tatu ni volti 5, na kila kitaa kinapokea amri yake peke yake, ndiyo maana rangi zinaweza kukimbia kuzunguka duara la feni. Ya kwanza inaitwa RGB, ya pili ARGB. Herufi moja tu, lakini ukichanganya unaunguza.

Mimi nimeshaunguza. Utepe wa volti 5 niliuchomeka kwenye pini za volti 12. Plagi iligoma kidogo, nikadhani ni upya wake, nikaikaza. Nilipowasha, vitaa viling'aa mara moja vyeupe vikali, nikasikia harufu ya plastiki, na havikuwaka tena. Ile sehemu ya volti 5 ina nafasi nne lakini pini moja haipo. Tafuta lile pengo kwa tochi kabla ya kusukuma, na usome volti zilizoandikwa kwenye bodi pembeni yake.

Kuhusu seti ya rimoti, omba picha ya plagi. Nyingi za bei ya chini zina plagi moja ya pini sita inayobeba umeme wa mota na taa pamoja, na haiingii popote isipokuwa kwenye kidhibiti chake. Maana yake mazabodi haiwezi kusimamia mwendo wa feni, na kidhibiti kikifa, feni zote tatu zinasimama siku hiyohiyo. Mimi siichukui, hata iwe nafuu vipi.

Mama Pikseli

Mwanangu, umesema unarekodi sauti, na Fundi hapo juu amelipita hilo. Nahariri sauti kila siku, kwa hiyo niruhusuni nikae hapo kidogo.

Kelele ya feni inayosumbua maikrofoni mara nyingi siyo ukubwa wake, ni tabia yake. Upepo mtulivu, usiobadilika, unaondoka vizuri kwenye kusafisha sauti. Mlio mwembamba wa mota hauondoki vizuri. Na kuna jambo lingine: feni tatu zikizunguka kwa mwendo unaokaribiana lakini usiolingana, unasikia mvumo unaopanda na kushuka, wuu, wuu, wuu. Ukishausikia mara moja, masikio hayatulii tena.

Kwa hiyo chukua feni ya PWM, ile yenye plagi ya pini nne kwa ajili ya mota (usiichanganye na zile pini nne za taa anazosema Fundi). Hiyo mazabodi inaweza kuituliza hadi mizunguko 500 au 600 kwa dakika ukiwa unarekodi, kisha ikapanda ukicheza. Uliza pia beringi. Ya mafuta yenye mgandamizo, wanayoiita FDB, hukaa kimya muda mrefu. Ile ya kola ya kawaida huanza kukwaruza mapema, hasa feni ikilazwa kuangalia juu au chini.

Na kama keisi inaruhusu, weka za milimita 140 badala ya 120. Panga likiwa kubwa, hewa ileile inasogea kwa mwendo mdogo, na sauti yake inakuwa nzito, siyo ya kupiga mluzi.

Bado Najifunza

Samahani kuingilia. Nimeona feni wanasema "mapanga yaliyogeuzwa". Zina faida gani? Si unaigeuza tu feni ya kawaida?

Rejeta Mbili

Ukiigeuza, hewa nayo inageuka. Feni ya kawaida huvuta hewa kwa upande wa uso wazi na kuitoa upande wenye mikono inayoshika mota. Sasa ukiiweka chini ya keisi au ubavuni ili iingize hewa, kupitia kioo utaona mikono na waya, yaani mgongo wake. Ya mapanga yaliyogeuzwa inaingiza hewa huku uso wake mzuri ukiwa ndani, unakuangalia wewe. Kwa feni ya nyuma inayotoa hewa huna haja nayo, kwa sababu uso wake tayari uko ndani.

Kwa mwenye mada: mimi ninazo hizo zinazoshikana, sita, na ninazipenda. Zinabanana ubavu kwa ubavu, pini zinagusana, kundi zima linatoka na waya mmoja. Nyuma ya keisi yangu pamekuwa pasafi hata nikiacha mlango wazi sioni haya. Ila uzijue vizuri kabla ya kulipa. Ukinunua feni mojamoja, kidhibiti mara nyingi kinauzwa peke yake, kinachukua USB ya ndani ya mazabodi, ile ya pini 9, na kinataka programu yake. Wewe una feni tatu au nne tu. Faida ya waya mmoja inaonekana kuanzia sita kwenda juu. Kwa idadi yako, nadhani utalipia usafi unaoweza kuupata kwa vifungio vya plastiki na nusu saa ya subira.

Lakini kuna kitu kinanisumbua zaidi ya feni. Umesema mbele ni kioo. Hewa inaingilia wapi?

Kioo Safi

Kuna mwanya pembeni, kushoto na kulia. Kidole changu kidogo kinapita kwa shida.

Rejeta Mbili

Basi pima kwanza. Cheza gemu dakika 20, andika joto la kadi. Kisha toa kioo cha mbele, usiguse kitu kingine, cheza tena dakika 20 sehemu ileile ya gemu. Joto likishuka nyuzi moja au mbili, keisi inapumua, endelea na feni zako. Likishuka nyuzi 5 na zaidi, hata ukifunga feni tatu za ghali zitazunguka bure, kwa sababu zinanyonya mahali ambapo hewa haifiki. Na zikinyonya kwa shida zinapiga kelele zaidi, Mama Pikseli atakwambia.

Mama Pikseli

Naam, feni inayobanwa huunguruma. Sauti yake siyo ya upepo tena.

Fundi Waya

Wakati anapima, niongeze hesabu ya umeme, kwani wengi hununua waya wa kugawa na kuunganisha bila kuangalia. Sehemu ya ARGB kwenye mazabodi nyingi inabeba ampea 3. Kitaa kimoja cha aina ya zamani, kikiwaka cheupe kwa nguvu zote, kinaweza kula hadi miliampea 60. Feni yenye vitaa 16 inakaribia ampea moja. Feni tatu hizo, umefika ukingoni, na utepe ukiongeza umevuka. Vitaa vya sasa vingi hula kidogo zaidi, ila usikisie, soma namba nyuma ya feni. Upande wa mota mambo ni mepesi: sehemu ya feni kwa kawaida ni ampea 1, na feni nyingi hazifiki 0.3.

Kioo Safi

Nimepima usiku huu, nimerudia mara mbili nisijidanganye. Na kioo: 81. Bila kioo: 73. Feni ni zilezile mbili zilizokuja na keisi. Nimekaa chini nikaitazama ile mashine muda mrefu. Kioo cha mbele ndicho kilichonifanya niinunue.

Nimetafuta, kuna uso wa wavu wa keisi hiihii unauzwa peke yake na unaingia mahali pa kioo. Nimepima kwa rula pia, mbele zinaenea mbili za milimita 140. Kwa hiyo nawaza hivi: wavu mbele, feni mbili za 140 zenye ARGB na PWM, na moja ya 120 ya aina hiyohiyo nyuma kwa sababu inaonekana kupitia kioo cha ubavuni. Utepe naacha. Feni nilizoziona zimeandikwa ampea 0.4 za taa kila moja.

Fundi Waya

Jumla 1.2, salama kabisa kwenye sehemu yako moja ya volti 5. Zile mbili za volti 12 zifunike hata kwa kipande cha gundi ya karatasi, mkono usije ukakosea siku unafanya usafi.

Rejeta Mbili

Hapo sawa. Usihofu kuhusu muonekano, taa nyuma ya wavu inatoka laini, haichomi macho. Hakikisha tu nyuma ya wavu kuna chujio la vumbi linalotoka bila skrubu. Mapanga meupe yanayopitisha mwanga yakishika vumbi, rangi zinafifia.

Bado Najifunza

Na programu ya taa? Hiyo ya mazabodi yangu inajifunga kila mara.

Rejeta Mbili

Jaribu OpenRGB. Ni ya bure, na inasimamia vifaa vya kampuni nyingi mahali pamoja. Angalia kwanza kama mazabodi yako imo kwenye orodha yao.

Mama Pikseli

Kioo Safi, ukishafunga, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi unayoifungua kompyuta inapoanza kuwaka), feni zote tatu ziweke PWM. Chini ya nyuzi 50 ziache kwenye mizunguko 600, ila ya nyuma ipe 680 hivi, itofautiane na za mbele, usipate ule mvumo. Halafu rekodi dakika moja ya ukimya, uiweke hapa tuisikilize.