Mwanafunzi kaniuliza kwa nini watumwa walikatazwa kusoma, jibu langu halikutosha. Naombeni ushauri

Chaki_Nyeupe (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu, na walimu wenzangu mliomo humu.

Nafundisha Historia sekondari ya kata huku Muheza. Wiki hii tumeingia utumwa wa Marekani: meli, tumbaku, pamba. Nikafika kwenye sentensi moja tu ya kitabu inayosema watumwa walinyimwa elimu, nikaisoma nikataka kusonga mbele maana mada ni ndefu na mtihani umekaribia. Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Tangu Januari sijawahi kusikia sauti yake darasani.

"Mwalimu, kwa nini? Anayejua kusoma si anafanya kazi vizuri zaidi? Tajiri si angepata faida?"

Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi enzi zangu, kwamba mabwana waliogopa watumwa wangejua haki zao wakaasi. Hakukaa. "Lakini bwana ana bunduki, ana mbwa, ana serikali. Mtu mwenye bunduki anaogopaje herufi?"

Kengele ikalia. Nikamwambia tutaendelea Jumatatu. Natoka mlangoni nikasikia mwenzake anamwambia, "We nawe, wale walikuwa hawafundishiki, ndiyo maana." Darasa likacheka.

Ndugu zangu, kicheko kile kimeninyima usingizi. Hawa ni watoto wetu. Wametoka darasani kwangu wakiamini kuwa watu waliofanana nao hawakusomeshwa kwa sababu vichwa vyao havikuweza, na mimi ndiye nilikuwa nimeshika chaki. Jumatatu nina vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Umeme hakuna, kuna ubao tu. Sitaki kuwahutubia. Nianzie wapi?

Kisima_cha_Kale

Mwalimu, pole, na hongera kwa kupata mwanafunzi wa aina hiyo. Ushauri wangu: usimjibu wewe. Iache sheria yenyewe imjibu.

Bunge la North Carolina, kikao cha 1830, lilipitisha sheria ya kukataza watumwa wasifundishwe. Utangulizi wake unasema wazi kuwa kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika kunaelekea kuamsha kutoridhika moyoni mwake na kuleta uasi. Halafu inakuja katazo: mtu yeyote huru asimfundishe mtumwa kusoma wala kuandika, isipokuwa matumizi ya tarakimu.

Andika hayo maneno ya mwisho ubaoni kwa herufi kubwa. ISIPOKUWA TARAKIMU. Kuhesabu magunia, kupima mbao, kujumlisha vibaba vya mahindi, hayo ruksa. Hapo ndipo swali la kwanza la kijana wako linapojibiwa. Tajiri aliiona faida ya mtumwa mwenye akili, na ile iliyomfaa aliichukua. Alichozuia ni herufi.

Adhabu zake nazo waandikie. Mzungu akikamatwa anafundisha: faini kati ya dola 100 na 200, au jela. Mtu mweusi aliye huru: faini, jela, au viboko kati ya 20 na 39. Mtumwa akimfundisha mtumwa mwenzake: viboko 39.

Na yule aliyesema hawafundishiki, muulize kwa upole tu: serikali inatunga sheria ya kuzuia kitu kisichowezekana? Hakuna bunge lililowahi kukaa kujadili ng'ombe wasifundishwe kusoma.

Ndugu_wa_Mji

Naongezea. Alabama walifuata 1832, faini yao ilikuwa dola 250 hadi 500. Virginia nao walitunga sheria baada ya uasi ulioongozwa na mtumwa Nat Turner wa 1831 kule Southampton. Turner alikuwa anajua kusoma, Biblia aliijua vizuri, na yeye na wenzake waliua wazungu wapatao 55. Ndiyo maana wakaogopa.

Kisima_cha_Kale

Mkuu, hapo kwa Virginia naomba nikurekebishe kidogo, maana tarehe zenyewe zina somo. Sheria ya kuharamisha mikutano ya kuwafundisha weusi kusoma ilipita Aprili 1831. Turner aliinuka Agosti mwaka huohuo. Hofu ilitangulia uasi.

Ukitaka chanzo chake rudi 1829. David Walker, mtu mweusi huru aliyekuwa na duka la nguo Boston, alichapisha kijitabu akiwaita weusi waukatae utumwa. Mabaharia wakakivusha hadi bandari za kusini. Kilipoonekana Savannah, Georgia hawakumaliza mwaka kabla ya kutunga sheria yao ya kukataza kusoma. Bunduki ingefanya nini pale? Ingeweza kumuua Walker, ila kijitabu kilishafika.

Baharia_Mstaafu

Mwalimu, nijaribu hilo swali la bunduki, maana bado naona tunazungumza juu juu: "haki", "uasi". Mtoto anataka kuona kitu.

Kitu chenyewe ni karatasi. Mtumwa wa Marekani akitoka nje ya shamba alitakiwa awe na kibali, kipande cha karatasi chenye mkono wa bwana wake: fulani ni wangu, nimemruhusu kwenda mahali fulani, hadi siku fulani. Usiku barabarani kulikuwa na wazungu wa doria. Wakikukuta huna karatasi ni viboko. Sasa fikiria, bwana hawezi kumfuata kila mtumwa kila njiapanda na bunduki yake. Karatasi ndiyo inamlindia. Siku mtumwa akijua kuandika, anajiandikia kibali mwenyewe na anapita mbele ya hiyo bunduki akiwa amenyoosha mgongo.

Ndiyo maana South Carolina, baada ya uasi wa watumwa wa Stono wa 1739, walitunga sheria 1740 iliyokataza kumfundisha mtumwa KUANDIKA, faini pauni 100. Kusoma hawakukutaja. Kulikuja kukatazwa huko baadaye sana, 1834. Kilichowauma kwanza ni kalamu.

Kisa cha kuwaonyesha watoto ni cha Frederick Douglass, mtumwa aliyekuja kuwa huru na kuandika habari za maisha yake. Karibu na Pasaka ya 1836, Maryland, alipanga kutoroka na wenzake. Akawaandikia kila mmoja kibali kwa jina la bwana, kwamba wameruhusiwa kwenda Baltimore kula sikukuu. Wakasalitiwa. Wakati wa purukushani ya kukamatwa, Douglass aliitupa karatasi yake motoni bila mtu kumwona. Wakiwa njiani kupelekwa jela, Henry, mwenzake, akamuuliza afanye nini na yake. Akamwambia aile pamoja na biskuti, na asikiri lolote. Wote wakameza. Walipofika, ushahidi wa maandishi haukuwepo.

Kata vipande vya karatasi, mwalimu. Kila mtoto umpe kimoja mkononi kabla hujasema neno.

MamaPacha

Nimesoma maelezo ya Baharia nikaacha kazi niliyokuwa nafanya.

Mimi si mwalimu, nataka kuongeza la nyumbani. Bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma. Mtu mmoja, simtaji, alimletea karatasi akamwambia ni ya kuazimishana shamba msimu mmoja. Bibi akachovya dole gumba kwenye wino wa zambarau akabandika. Ilikuwa karatasi ya kuuza. Minazi yake yote ikaenda. Miaka ilivyopita akaingia kisomo cha watu wazima, na neno la kwanza alilojifunza kuandika ni jina lake. Aliliandika kwa mkaa ukutani jikoni, na hatukuruhusiwa kulifuta hata siku ya kupaka chokaa. Bibi hakuwa mtumwa. Ila naelewa mtu anavyoweza kukushika kwa karatasi usiyoweza kuisoma.

Na huyo Douglass, mwalimu, usiache utoto wake. Alipelekwa Baltimore akiwa na miaka kama minane. Mke wa bwana, Sophia Auld, hakuwa amewahi kumiliki mtumwa, akaanza kumfundisha alfabeti. Mume akamkataza mbele ya mtoto mwenyewe, akamwambia kusoma kutamharibu, hatafaa tena kuwa mtumwa. Mtoto akasikia kila neno. Baadaye aliandika kuwa pale ndipo alipoijua njia ya kutoka utumwani, na aliyemwonyesha ni huyo huyo bwana. Akawa anabeba mkate mfukoni akitumwa, anawapa watoto wa kizungu maskini wa mtaani, wao wanampa herufi. Kuandika alianzia kwenye kiwanda cha meli, kwa kutazama herufi ambazo mafundi walichora kwenye mbao. Kisha akawa anachukua madaftari yaliyokwisha ya mtoto wa bwana, anajaza nafasi zilizoachwa wazi katikati ya mistari.

Watoto wako wana madaftari. Waambie wafungue waone nafasi zilizobaki.

Mkwajuni

Samahanini, mbona tunasafiri hadi Marekani? Mwalimu yuko Muheza. Bonde la Pangani hapo jirani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Tusifiche ya kwetu.

Kengeleni_Moja

Mkwajuni una haki, na mimi wa Mombasa sitaficha. Ila tusichanganye. Huku Pwani hakukuwa na sheria iliyokataza mtumwa asijue herufi. Wapo waliosoma Kurani, hasa wazalia, yaani watumwa waliozaliwa hukuhuku Pwani, waliokulia majumbani. Waliotoka bara na kupelekwa moja kwa moja mashambani nani aliwakalisha chuo cha Kurani? Waliachwa na jembe. Kilichomshika mtumwa wa Pwani ni nasaba: hata akihitimu bado aliambiwa si muungwana. Kufuli ni tofauti na za North Carolina, na naona watoto wafundishwe zote mbili, kila moja kwa jina lake.

Na mwalimu asisahau kuwa wengine walifika Amerika wakiwa tayari wamesoma. Omar ibn Said wa Futa Toro, Senegali ya leo, alisoma dini kwa miaka mingi kabla ya kukamatwa na kupelekwa Charleston 1807. Mwaka 1831, humohumo North Carolina ya ile sheria, aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu. Na alianza na Suratul-Mulk. Anayeijua sura hiyo anajua inaanzaje: mamlaka yote yako mkononi mwa Mungu. Anaandika hayo mtu ambaye kwa sheria ya nchi yumo mkononi mwa bwana. Nikilifikiria hilo nasisimka mwili.

Kwa upande wetu kuna Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani akasomeshwa Nasik, India. Livingstone alipofariki 1873 kijijini kwa Chitambo, Wainwright ndiye aliyechonga maandishi ya kumbukumbu kwenye mti.

Ndugu_wa_Mji

Kisima asante kwa kunisahihisha, nimejifunza. Mwalimu, ukibakiwa na dakika waambie na habari ya Mary Peake. Alikuwa mwanamke mweusi huru, Virginia. Septemba 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimeanza, alifundisha waliotoroka utumwani chini ya mti karibu na ngome ya Fort Monroe. Miezi michache baadaye akafa kwa kifua kikuu. Mti upo hadi leo, ndani ya chuo kikuu cha Hampton.

Chaki_Nyeupe

Wapendwa, nimerudi. Jana ilikuwa Jumatatu.

Niliingia na vipande 52 vya karatasi nilivyokata usiku. Kila mmoja kimoja, vyote vitupu. Nikamweka kiranja mlangoni awe mtu wa doria. Nikawaambia anayetaka kutoka apite kwa karatasi yake. Kiranja akawa anawarudisha: haina maandishi, rudi. Dakika tano nzima hakuna aliyetoka. Yule kijana wangu wa nyuma akatoa kalamu mfukoni, akaandika mstari mmoja, akaenda mlangoni, akapita. Alisimama nje kwenye kibaraza akituangalia kupitia dirishani. Darasa kimya kabisa.

Baada ya hapo ndipo nikaandika "isipokuwa tarakimu". Nilipouliza kama bunge hutunga sheria kuzuia wasiofundishika, yule aliyechekesha wenzake wiki iliyopita aliinamisha kichwa. Sikumsema. Mwisho wa kipindi alikuja mwenyewe kuuliza kama Henry aliyekula kibali alipona.

Nimebakiwa na swali moja ambalo kijana ameniuliza nikashindwa. Wale wenzake Douglass, walijua kusoma kilichoandikwa kwenye vibali vyao, au walibeba tu kwa kumwamini?

Kisima_cha_Kale

Mwambie Henry na John ndugu yake walifundishwa na Douglass mwenyewe. Alifungua shule ya Jumapili kwa siri, na kuna wakati wanafunzi walizidi 40, watu wazima wengi wao. Walikusanyika nyumbani kwa mtu mweusi aliye huru. Alipoandika habari za maisha yake 1845, miaka kama kumi baadaye, alikataa kulitaja jina la mwenye nyumba, kwa sababu bado lingeweza kumletea matatizo.

Chaki_Nyeupe

Kumbe. Kesho nitamwita kabla ya paredi nimwambie.